Hewa ya ndani kavu, dirisha linatiririka maji: nifuate kipimo kipi msimu huu wa baridi?

Mama Wawili, Saint Paul (Minnesota)

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Ninaleta jambo ambalo nilipokuwa Tanga nisingefikiria kuwauliza watu, kwa sababu kule taabu yetu ilikuwa chumvi kushikamana koponi na viatu vya ngozi kuota kuvu kabatini. Hapa ninahangaika na ukavu. Huu ni msimu wetu wa pili wa baridi. Tunaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya zamani, yenye mita za mraba 70 hivi: mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 7. Joto linatoka kwenye tanuri la gesi lililoko chini kabisa ya nyumba, ambalo hupuliza hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni, na themostati tumeiweka kwenye nyuzi 21.

Tangu Desemba ngozi zetu zimepauka kiasi kwamba mafuta hayakai hata saa moja, visigino vya mume wangu vimefanya magaga, na mpini wa jokofu unanipiga shoti kila ninapoushika. Hayo ningeyavumilia. Lililonitisha ni mtoto mdogo kutokwa na damu puani mara nne ndani ya wiki mbili, zote usiku, na mara ya mwisho niliamka nikakuta foronya imelowa upande mmoja.

Nikanunua kipima unyevu cha dola 12, nikakiweka sebuleni, kikasoma asilimia 17. Siku ya pili nikanunua mashine ndogo ya kuongeza unyevu, ile inayotoa ukungu wa baridi bila kelele, nikaijaza maji ya bomba na kuiwasha usiku kucha chumbani kwa watoto huku mlango umefungwa. Asubuhi kipimo nilichokiweka kwenye kizingiti cha dirisha kilisoma 52, mtoto hakutokwa na damu, nami nikashukuru. Siku ya tano nilipovuta pazia, niliona maji yanatiririka kiooni mpaka kwenye mbao, na chini kabisa yameganda barafu ya unene wa kidole. Nyuma ya kichwa cha kitanda, pale pembeni ukuta wa nje unapokutana na sakafu, kuna madoa meusi ya kuvu. Tena kabati la nguo lenye rangi nyeusi limefunikwa vumbi jeupe kama unga wa muhogo.

Mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasema tatizo letu ni kwamba tunapika sana, kisha akaenda zake.

Swali langu ni hili: inakuwaje nyumba iwe kavu hivi na wakati huohuo iwe na maji ukutani? Nifuate kipimo kipi, 17 ya sebuleni au 52 ya chumbani, na niilenge asilimia ngapi ili mtoto apone bila kuozesha nyumba ya watu?

Fundi wa Tanuri, Minneapolis

Dada, pole. Nimefanya kazi ya mitambo ya kupashia nyumba joto katika jimbo hili kwa miaka 11, na kila Januari ninakutana na nyumba yenye hali kama ya kwako. Vipimo vyako vyote viwili yawezekana ni vya kweli. Kilichokosewa ni mahali ulipokiweka cha pili.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi husema tanuri linakausha hewa, kana kwamba linakula maji. Tanuri halili maji. Hewa ya nje inapokuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa unyevu kabisa, mita moja ya ujazo hubeba kama gramu 1 tu ya mvuke. Hewa hiyohiyo ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 21, inakuwa na uwezo wa kubeba gramu 18 hivi. Ni kama kumimina kikombe kilichojaa pomoni ndani ya ndoo: maji hayajapungua hata tone, lakini ukitazama ndoo utasema iko tupu. Kwa hiyo gramu 1 katika nafasi ya gramu 18 ni asilimia 5 au 6. Kwa kulinganisha, mchana wa Tanga wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 una karibu gramu 23 katika kila mita ya ujazo, na ndiyo maana pua zetu zinashangaa huku.

Mbona basi sebule yako inasoma 17 na si 5? Ni kwa sababu ninyi wenyewe mnaongeza maji kwa pumzi, kuoga, kuosha vyombo na huko kupika anakokulaumu mwenye nyumba. Nyumba ya mita za mraba 70 yenye dari la mita 2.4 ina mita za ujazo 168 za hewa. Nyumba ya zamani isiyo mbovu sana hubadilisha nusu ya hewa yake kila saa, yaani mita 84 hutoka kupitia nyufa na mita 84 za hewa ya nje huingia. Nikikadiria kwamba familia yenu inatoa gramu 180 za mvuke kwa saa, hesabu, pamoja na ile gramu 1 inayoingia na hewa ya nje, inaniletea gramu 3.1 katika kila mita ya ujazo, ambayo ni asilimia 17. Sikuchakachua hesabu, imetoka hivyo. Kupika kwenu ndiko kunakowaokoa.

Sasa ile 52. Kizingiti cha dirisha ni mahali pa baridi kuliko chumba. Hewa yenye asilimia 35 katikati ya chumba chenye nyuzi 21 inaweza kusomeka zaidi ya 50 ukiipima pale dirishani penye nyuzi 14, ingawa maji yaliyomo ni yaleyale, kwa kuwa hewa iliyopoa ina nafasi ndogo. Kipimo kiwekwe kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na dirisha, mbali na tundu la hewa ya moto, na angalau mita 2 kutoka kwenye mashine. Tena kabla ya kukiamini, kijaribu. Chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya mezani, idondoshee matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuelea, weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha viache usiku mzima mahali pasipobadilika joto. Hewa ya ndani ya mfuko huo itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, ujue kinapunguza 6, nawe uwe unaziongeza kila unapokisoma. Vipimo vya dola 12 ninavyovikuta majumbani mara nyingi hukosea kwa kiasi hicho.

Kuhusu asilimia ya kulenga, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linashauri kati ya 30 na 50, na ushauri huo ni mzuri kwa mwaka mzima katika nchi isiyo na baridi kali. Kwetu huku lazima lengo lishuke pamoja na joto la nje, kwa sababu kioo ndicho kinachoamua. Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 10; yenye asilimia 25 haitoi maji mpaka iguse kitu kilichokaribia sifuri. Kwa dirisha la vioo viwili, sisi mafundi hufuata kiasi hiki: nje kukiwa na nyuzi 7 hadi 12 chini ya sifuri, usizidishe 35, kati ya 12 na 18 chini ya sifuri, 30, kati ya 18 na 23, usizidishe 25, kati ya 23 na 29, bakia kwenye 20, na chini ya hapo, kama ile Januari 30 ya mwaka 2019 ambapo Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, hata 15 inatosha. Ninajua 20 inasikika ndogo mno kwa mama mwenye mtoto anayetokwa na damu. Lakini kuvu ya nyuma ya kitanda itamuumiza kifua, na pua yake inaweza kutunzwa kwa njia nyingine ambazo wauguzi wanazijua kuliko mimi.

Hapa ndipo nina ubishi na wanaouza mashine. Nyumba iliyo kavu kupita kiasi, mara nyingi, ni nyumba inayovuja. Hewa ya moto hupanda, hutoka juu, na kwa kutoka kwake huvuta hewa ya baridi kutoka chini. Ninyi mko ghorofa ya juu, kwa hiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kile kifuniko cha kupandia darini. Siku ya upepo washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kuzunguka fremu za madirisha, kwenye soketi za ukuta wa nje na ukingoni mwa kifuniko hicho. Moshi ukipanda wima, pita. Moshi ukilala au ukinyonywa, hapo pana mwanya. Ziba kwa mkanda wa sponji, kwa silikoni, na madirishani kwa ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kwa gundi ya pande mbili kisha hupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ukiweza kupunguza mita 84 zile zikawa 59 kwa saa, unyevu wako utapanda kutoka 17 hadi 22 bila kununua chochote kingine, na bili ya gesi itashuka. Karatasi hiyo pia hulikinga dirisha lisitoe jasho, mradi umeibandika vizuri bila kuacha upenyo.

Tahadhari moja tu: usizibe kamwe bomba linaloingiza hewa kwenye tanuri wala dohani lake, na hakikisha king'ora cha kaboni monoksidi kinafanya kazi. Sheria ya Minnesota inadai kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na mwenye nyumba anapaswa kulijua hilo.

Kuhusu mashine yenyewe, kuna aina tatu. Uliyonayo hupasua maji kwa mtetemo usiosikika na kuyarusha pamoja na kila kilichomo ndani yake. Ule unga mweupe ni madini ya maji ya bomba, ile chokaa unayoiona ndani ya birika. Ukiendelea nayo, itie maji yaliyokenekwa, kama yale ambayo nyumbani tumezoea kuyaona kwa mafundi wa betri, ila hapa yanauzwa kwa galoni dukani. Aina ya pili ina feni inayopuliza hewa kupitia kichujio kinene kilicholowa. Madini hubaki kwenye kichujio, na hewa inapokaribia kushiba maji mashine hupunguza yenyewe kasi ya kuyatoa. Ina kelele kidogo, lakini mimi kwangu ninatumia hiyo. Ya tatu huchemsha maji, nayo siishauri penye watoto. Yoyote utakayochagua, iwe na swichi inayojizima ikifika asilimia uliyoipanga, na usiifungie mlango usiku kucha, kwa sababu mashine ikifungiwa chumba kimoja matokeo yake ni hayo uliyoyaona.

Mpemba wa Baridi, Edmonton (Kanada)

Fundi amesema mengi ya maana, lakini mbona tunafanya jambo kuwa gumu? Mimi nina miaka tisa huku Alberta na sijawahi kununua mashine. Kila asubuhi ninateleka sufuria kubwa ya maji jikoni, ninatia karafuu na kijiti cha mdalasini, ninaiacha itokote kwa moto mdogo mpaka jioni, na nyumba inanukia kama ghala la Wete. Nguo nazo ninazianika ndani.

Ninakiri hata hivyo kwamba sufuria haikuniokolea udi wangu. Ninasema udi wa kupigwa, si wa kufukizwa. Majira ya kwanza ya baridi niliutundika ukutani sebuleni kama pambo, na usiku mmoja wa Januari nikasikia mlio kama kijiti kinachokatika. Asubuhi ubao wa mbele ulikuwa na ufa kuanzia kwenye tundu hadi karibu na daraja. Siku hizi unakaa ndani ya mkoba wake pamoja na sponji iliyolowa na kukamuliwa, niliyoitia kwenye kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, na mkoba haupungui asilimia 45.

Fundi wa Tanuri, Minneapolis

Kaka, kuhusu nguo tuko pamoja. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kukamuliwa na mashine hubeba kama lita 2 za maji. Nyumba ya dada yetu, ili ipande kutoka 17 hadi 25 usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, inahitaji kama gramu 120 kwa saa, yaani karibu lita 3 kwa siku. Kuanika nguo sebuleni siku moja kunalipa theluthi mbili ya deni hilo bure. Atumie kamba ya sebuleni, si ya chumbani kwa watoto kwenye ukuta wenye kuvu.

Sufuria ya kutokota siiungi mkono. Jiko la gesi linapowaka kutwa nzima hutoa hewa chafu ya nitrojeni dioksidi, na likikosa hewa ya kutosha hutoa pia kaboni monoksidi, na hivyo unabadilisha pua kavu kwa kifua kibovu. Mvuke wake nao hukimbilia dirisha la jikoni kwanza. Halafu kuna mtoto wa miaka 4 na sufuria yenye maji ya moto, ambapo sina haja ya kueleza zaidi. Vikombe vya maji juu ya matundu ya hewa na mimea ya vyunguni havina madhara, ila vinatoa maji kidogo kiasi kwamba kipimo hakitayaona.

Bibi Muuguzi, Calgary (Kanada)

Mwanangu, pole kwa kukesha na mtoto. Mimi ni muuguzi niliyestaafu, nimetoka Machakos zamani, na ninaomba nizungumzie mtoto mwenyewe, kwa kuwa nyumba imeshapata fundi.

Mhina, kama wazee wa pwani walivyouita ugonjwa huu wa kutokwa damu puani, kwa watoto mara nyingi hutokea sehemu ya mbele ya ule ukuta unaogawa pua, ambapo mishipa midogo imekusanyika karibu sana na ngozi laini ya ndani. Hewa kavu huikausha ngozi hiyo ikafanya magamba, mtoto akaikuna usingizini, mshipa ukafunguka. Damu ikitoka, mketishe, mwinamishe kichwa mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 kamili kwa saa ya ukutani, bila kuachia ili uchungulie. Usimlaze wala kumwinamisha kichwa nyuma. Damu itaingia kooni, ataimeza na kutapika, nawe utadhani anatapika damu ya tumboni. Ikizidi dakika 20 hata baada ya kubana vizuri, au ikiwa nyingi sana, au ikifuatia kuanguka, mpeleke kwenye huduma ya dharura. Na kwa kuwa imetokea mara nne katika wiki mbili, mpangie miadi ya daktari wa watoto hata kama imekoma, hasa ikiwa kuna mtu katika ukoo anayetokwa damu kirahisi au mtoto ana michubuko isiyo na sababu.

Kinga yake ni nyepesi. Mtilie matone ya maji ya chumvi ya puani, yale ya dukani yasiyo na dawa ndani yake, asubuhi na jioni. Nusu saa kabla ya kulala, mpake jeli ya puani ya maji na chumvi kwa ncha ya kidole, pale mlangoni tu, usisukume ndani. Wengi hupaka mafuta ya mgando na hufaa, lakini yawe membamba sana na asipakwe akiwa amelala, kwa sababu mafuta yakivutwa mpaka mapafuni si jambo jema. Mkate kucha. Kwa matunzo haya, asilimia 22 au 25 za fundi zitamtosha. Nimewaona watoto wengi wa hapa Calgary wakipona puani bila nyumba kuongezwa hata tone.

Kuhusu ngozi, maji ya kuoga yawe vuguvugu na mtoto asizidishe dakika 10. Mfute kwa kumgusagusa na taulo, si kumsugua, kisha mpake ndani ya dakika 3 angali na unyevunyevu mwilini. Hapo ndipo kosa letu kubwa lilipo: tunasubiri akauke kabisa, halafu tunapaka losheni nyepesi yenye manukato ambayo ndani yake ni maji matupu. Tumia mafuta mazito yasiyo na harufu, iwe ya mgando au siagi ya shea. Na magaga ya baba yao yalowekwe, yapakwe usiku, yavalishwe soksi za pamba. Sehemu zikiwa nyekundu, zikiwasha na kutoa majimaji, huo unaweza kuwa ukurutu, nao unahitaji daktari.

Neno la mwisho ni la usafi wa mashine, nami hapa sina masihara. Mwaga maji yaliyobaki kila asubuhi, suuza, acha ikauke wazi. Kila siku ya tatu isugue kwa siki nyeupe au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kisha uisuuze mpaka harufu iishe. Usitie ndani ya maji dawa yoyote ya kuua vijidudu, wala mafuta ya mkaratusi, wala marashi. Korea Kusini ziliuzwa kwa miaka mingi dawa za kutiwa kwenye maji ya mashine hizi ili zisiote vijidudu. Zikarushwa hewani pamoja na ukungu, watu wakazivuta usiku kucha, na mapafu ya wengi yakaharibika, wakiwemo watoto wachanga na wajawazito, kabla ya chanzo kujulikana mwaka 2011.

Mama Wawili, Saint Paul (Minnesota)

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Ninarudi baada ya siku 16 ili niwaambie yaliyotokea, kwa kuwa ninachukizwa na watu wanaouliza kisha wakapotea.

Kipimo nilikijaribu kwa chumvi na kikasoma 71, kwa hiyo ninaongeza 4, na ile 17 yangu ya sebuleni kumbe ilikuwa 21. Fundi, samahani kwa kukuharibia hesabu yako nzuri. Nimekihamishia ukutani kando ya mlango wa chumba cha watoto. Kuvu nimeifuta kwa maji ya sabuni, nikapakausha, na kitanda nimekisogeza mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Madirisha mawili ya chumba chao yamepata karatasi ya plastiki. Kazi ilituchukua jioni nzima, na ya kwanza tuliichana. Mashine ndogo nimeihamishia sebuleni, inatumia maji ya galoni, na ninaizima nje kukishuka chini ya nyuzi 23 za baridi. Nguo zinaanikwa sebuleni siku ya Jumatano na Jumamosi, na siku hizo kipimo hupanda mpaka 29.

Mtoto alitokwa na damu mara moja tu, siku ya tatu, nikabana dakika 10 huku yeye akinihesabia sekunde kwa Kiingereza. Daktari amemwona, amesema ni ukavu na kidole, na tuendelee na jeli.

Nilifanya pia ule mtihani wa kijiti cha udi. Madirishani moshi uliyumba kidogo. Nilipopanda kwenye kiti na kukisogeza karibu na kifuniko cha dari, ulinyonywa wote, kijiti kikabaki kinawaka bila moshi kuonekana. Mume wangu alirekodi video, nikamtumia mwenye nyumba pamoja na maelezo mafupi kuhusu sufuria zangu. Amejibu kwamba atakuja Jumamosi na mkanda wa sponji.